Petroli ni ya Tumbaku

Kibondo, Kigoma

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake, asomewe barua hii akiwa ameketi. Mguu wako unaendeleaje? Bado unachechemea ukipanda kule kwenye kahawa? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inafanana na ya kwetu Upareni, ila hakuna anayeniita kwa jina. Wote huniita bwana shamba, hata kina mama, nami nimechoka kuwarekebisha.

Uliniuliza kuhusu kazi. Tangu watu wahamishiwe vijijini, wakubwa wetu wanataka tumbaku. Pikipiki nimepewa, lakini petroli inatoka kwenye fungu la tumbaku, kwa hiyo inakwenda Busunzu tu, wanakoilima. Kijiji cha Murungu wanalima mihogo na maharage, na mihogo yao imeshikwa na batobato, majani yamejikunja na kupauka. Nikamwendea mkubwa wangu. Si mtu mbaya, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Binti yangu, tumbaku inauzwa nje, inarudisha gharama zako. Muhogo unaliwa, umekwisha. Safari zako atalipia nani?"

Nilitoka pale nikikukumbuka. Wewe ulikuwa na kahawa, ndiyo maana bwana shamba hakukauka nyumbani kwetu. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Basi nikaanza kwenda Murungu kwa miguu, kila Jumamosi. Huko nilimpata Mama Niyonzima, mjane aliyekimbia mauaji Burundi na wanawe, akapewa kipande cha shamba. Nilimwambia ang'oe mihogo yote iliyougua, apande vipando vya mashina safi tu.

"Nikiing'oa yote, watoto watakula nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba itabidi wavumilie njaa kidogo. Akafikiri, akasema atang'oa nusu, na hapo katikati apande maharage. Tuling'oa pamoja, tukachoma, tukapanda vipando safi. Tulipomaliza alinipikia ugali wa muhogo. "Serikali haina petroli," akasema, "mimi nina chakula. Uwe unakuja."

Baba, tangu nifike huku nilikuwa sijala na mtu.

Nikawa naenda. Aliniita kwa jina langu, na watoto wake wakanifundisha kuhesabu kwa Kirundi. Vipando vikachipua majani mapana, safi. Nilimpelekea mkubwa wangu habari hizo. Akafurahi kweli, lakini petroli ikabaki ya tumbaku.

Jumamosi iliyopita nilikuta mlango wa Mama Niyonzima umefungwa kwa kamba. Jirani yake, Mzee Filipo, alikuwa akipalilia ng'ambo ya njia.

"Wameondoka," akasema. "Lori lilitoka Kasulu, likawachukua wakimbizi wote. Wanapelekwa kwenye makazi mapya, upande wa Tabora."

"Aliniachia neno?"

"Hakukuwa na nafasi ya maneno. Alikuwa akikata vipando, akafunga mzigo mkubwa. Dereva akasema mzigo umezidi. Akashusha sufuria zake, vipando vikapanda."

Nilizunguka lile shamba, mashina yamekatwa vizuri, kama nilivyomwonyesha. Baadaye Mzee Filipo akanifuata, akaniuliza kama ningeweza kulitazama na la kwake. Tukaanza kung'oa. Mvua ilipotukimbiza aliagana nami, akaingia ndani kwake. Sikumlaumu, hanijui. Nilirudi Kibondo na njaa.

Krismasi sitakuja, ndio msimu wa kupanda. Usimwache Mama apande mlimani kutafuta kuni peke yake. Msalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, mchungaji wetu, na mwalimu wangu wa darasa la nne kama bado yupo. Na shangazi akiuliza kama nimezoea huku, mwambie nilikuwa nimeanza.

Ni mimi mwanao,
Nakijwa