Maziwa ya Oti katika Nyumba Inayodai Damu

Jumatatu, 4 Machi

Kosa la watu wengi ni kukamua. Wanasaga oti na maji, wanamimina kwenye kitambaa, halafu wanakinyonga kile kitambaa kama shingo ya kuku. Kinachotoka ni ute. Kitambaa kining'inizwe tu, kidondoshe chenyewe. Maji yawe baridi kabisa. Blenda izunguke muda wa kusali Baba Yetu kwa haraka, basi. Ukizidisha, oti zinapata joto na kugeuka gundi. Nimestaafu kufundisha upishi na bado namweleza nani? Sufuria!

Kwaresima Kubwa imeanza leo. Nyama hakuna, mayai hakuna, samli hakuna, maziwa hakuna, mpaka Pasaka. Nyati wetu wa kufugwa anakamuliwa kama kawaida, lakini maziwa yake yanakwenda sokoni. Ya nyumbani ni haya yangu ya oti.

Kanzu ya kaka yangu Rizki iko palepale msumarini, mkabala na mlango wa jikoni. Damu ya kifuani imekuwa nyeusi, ngumu kama gamba. Haifuliwi. Ndivyo alivyokata shauri wifi yangu Zahia: mpaka Ayadi, mwana wa mzee Nasifu, naye alale chini. Ayadi ndiye aliyempiga kaka risasi pale kwenye pampu ya maji, wakigombea zamu. Oktoba ile polisi walipokuja, Zahia aliwaambia, "Hatumshuku mtu." Hakutaka jela impokonye mtu wake! Hakusimamisha hema la matanga. Hakupokea pole ya mtu. Na tangu siku hiyo humu hakijapikwa kitu kitamu, maana nyumba inayodai damu haipiki kitamu. Mtaa mzima unalijua hilo.

Asubuhi Malaki, mtoto wa marehemu, alichungulia kikombe chake cha chai.

"Shangazi, haya si ya nyati kweli?"

"Ni ya oti."

"Hebu apa."

Nikaapa. Akanywa. Kisha akarudi kupaka bunduki mafuta. Anaogopa tone la maziwa — damu haiogopi.

Alhamisi, 7 Machi

Makaroni ya mchuzi mweupe. Kwa maziwa ya oti unga upunguzwe nusu, kwa sababu oti zenyewe zinaufanya mchuzi uwe mzito. Unga ukaangwe kwanza kwenye mafuta mpaka unukie kama njugu, ndipo maziwa yamiminwe kidogo kidogo, mwiko usipumzike. Ulitoka vizuri mno. Hakuna aliyekula.

Malaki aliingia mikono imelowa damu mpaka viwikoni. Nikadhani ndiyo basi, imekwisha. Kumbe ni mbwa. Alimkamata mbwa wa akina Nasifu, akamchinja, akamtupa kwenye mfereji karibu na ile pampu.

Zahia hakusimama hata. "Mbwa?" akamwambia. "Baba yako alikuwa mbwa?"

"Mama, Ayadi kajificha kwenye miwa. Nitampataje?"

"Sina mtoto wa kiume basi. Nina binti wawili."

Akamshika kisogo, akamsukuma uso kwenye ile kanzu. "Nusa! Nusa, baba yako huyo!" Yustina, mdogo wake Malaki, alikuwa mlangoni ameshika sahani yake. Ana miaka saba. Nikamtoa.

Jumamosi, 16 Machi

Padri Bisenti alikuja na wazee wawili wa suluhu. Nikawapa chai, wakaweka vikombe chini walipoonja, wazee wa mashambani hawa hawajazoea oti. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeitilia dawa ya tumbo.

Walichosema: Ayadi yuko tayari kubeba sanda. Atatembea peku, mbele ya watu wote, na sanda yake mwenyewe mikononi, aje aiweke miguuni pa Malaki. Mwenye damu akiipokea, ugomvi umezikwa. Asipoipokea, anaweza kumuua palepale. Watu wa kwetu wamemaliza vita vikubwa kwa njia hiyo.

Zahia alivua kiatu akamtupia mzee mmoja. Kilimpata shavuni.

"Sanda yake nitaishona mimi!"

Padri akainuka. Alisema, bila ukali, kwamba watu wa nyumba hii wanafunga vizuri kuliko mtaa mzima. Zahia hakuelewa. Au alielewa.

Mimi nataka nini? Niandike wazi, hakuna anayesoma. Nataka Malaki afike Pasaka akiwa hai na bila kuua. Nilimfundisha kusoma mezani hapa hapa. Kaka nimeshamzika. Sitaki kaburi la pili.

Jumanne, 19 Machi

Yustina ana homa. Siku mbili hajatia kitu mdomoni. Leo mchana akaniita. "Shangazi, nipikie wali wa maziwa. Ule wa sukari."

Zahia alikuwa mashambani. Nikafikiri sana mbele ya lile jiko. Nikajiambia: ni oti tu. Ni dawa ya mtoto. Nani atajua?

Mchele mfupi, ulowekwe kwanza. Uchemke kwenye maji peke yake mpaka uive kabisa na kuvunjika. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanatia maziwa mapema, yanashika chini na kuungua. Maziwa ya oti yaingie mwishoni, moto mdogo, ukoroge mpaka yafunge. Sukari. Punje ya mastika, ule utomvu wa kunukia, iliyopondwa. Mtoto alikula bakuli zima, akalala, jasho likatoka. Namshukuru Mungu.

Alhamisi, 21 Machi

Mtoto anacheza. Mama Wahba, jirani mwenye tanuri la mkate, alikuwa ametuletea maharage ya kusaga juzi. Bakuli lake lilikuwa bado hapa. Bakuli la jirani halirudishwi tupu, hilo hata mtoto anajua. Kulikuwa na wali wa maziwa umebaki kidogo. Nikautia, nikafunika kwa sahani, nikampelekea. Akafunua. Akanitazama usoni, akafunika tena.

"Mwalimu Afifa... Mungu awape faraja."

Nikamjibu amina. Sikuwaza lolote!

Jumapili, 24 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Ibada ilikuwa imekwisha, watu wanatoka na mikate ya baraka. Langoni alisimama mzee Nasifu, babake Ayadi. Tangu Oktoba hajakanyaga kanisani. Akina Nasifu wote walikuwa wamejifungia. Leo amekuja, kichwa wazi, amevua kilemba na kukishika mkononi, analia. Akamwendea Malaki, mikono ameinyoosha.

"Mwanangu, Mungu awape faraja. Tumesikia mmepika. Tumesikia mmekubali—"

Malaki hakuelewa neno. Aliona baba wa Ayadi akimjia mbele ya watu mikono wazi, kama anayemdhihaki. Akanyakua fimbo ya mtu aliyekuwa karibu. Pigo la kwanza lilimpata mzee taya. Niliusikia mfupa. La pili jicho. Alipoanguka, Malaki akaendelea kumpiga mbavu, na watu wamemning'inia mgongoni kama nyuki. Mikate ilitawanyika ikanyagwa kwenye damu. Padri alitoka na mavazi yake ya ibada, akajilaza juu ya yule mzee. Hapo ndipo fimbo iliposimama hewani.

Mama Wahba alikuwa anapiga kelele: "Walipika kitamu! Nimekula mimi! Walipika kitamu!"

Nikaelewa yote: bakuli langu lilitangaza kwamba tumesamehe.

Mzee yuko hospitali. Jicho halipo tena.

Jumatatu, 25 Machi

Zahia alinipiga. Kofi, kisha ngumi, kisha akachukua sufuria ya maziwa niliyokuwa nimechuja akanimwagia kichwani. Yakanichuruzika mpaka shingoni, baridi.

"Umemuuza mume wangu kwa bakuli la wali!"

"Mtoto alikuwa mgonjwa."

"Ungemwacha afe na heshima!"

Akaziba mdomo wake mwenyewe kwa mkono. Yustina alikuwa ukumbini, chini ya ile kanzu.

Nilinawa. Nilisaga oti nyingine, kwa sababu jioni watu watakula.

Alhamisi, 28 Machi

Milio, saa nne asubuhi. Tatu, halafu moja.

Malaki alikuwa amempeleka nyati kunywa maji pampuni. Ayadi alitoka kwenye miwa. Alikuwa amemwona babake hospitali. Nyati alipigwa shingoni na tumboni, akaanguka na kumbana Malaki mguu; ndiyo maana amepona, risasi nyingi ziliishia kwa mnyama. Moja ilimpata kiwiko cha kulia. Wamemleta juu ya mlango wa mbao. Mkono unaning'inia kwa nyama tu, sijui kwa nini haujadondoka.

Alikataa hospitali kuu. Yule mzee yumo humo. Daktari wa zahanati alikuja nyumbani, akatoa vipande vya mfupa, akafunga, akasema mkono huo hautakunja tena. Malaki akauliza kitu kimoja: wa kushoto mzima?

Wachinjaji walikuja kumkata nyati pale pale mferejini. Maji yalipita mekundu hadi mitaa ya chini.

Kula: nilimchemshia supu ya dengu, nikaitia maziwa ya oti ipate uzito. Ukitia limau, tia mwisho, sahanini, maana maziwa haya yanakatika kwenye uchachu. Nilimlisha kwa kijiko. Alikula kama mtoto, macho dirishani.

Jumamosi, 30 Machi

Padri tena, peke yake. Alisimama barazani, Zahia hakumkaribisha. Alisema neno moja: sanda bado ipo. Mzee Nasifu, taya limefungwa waya, ameandika kwenye karatasi kwamba halipizi jicho. Ayadi atatembea. "Lakini hatatembea kwa uvumi tena," alisema. "Mkipika, mpike mbele ya watu. Na apike mwenye msiba." Akaenda zake.

Zahia alifunga mlango. Ila polepole.

Jumatatu, 1 Aprili

Tangu asubuhi Malaki yuko darini, juu ya paa tambarare, anajifunza kulenga kwa mkono wa kushoto. Makopo. Mwanzo alikuwa anakosa. Kufikia adhuhuri nasikia kopo likiruka kila mlio. Amewaambia rafiki zake kwamba leo jioni anaingia kwenye miwa.

Zahia alipanda kumbadilisha bendeji. Nilibeba maji ya moto, kwa hiyo niliona. Alipofungua, kipande cha mfupa kilichosahauliwa kikatoka pamoja na kitambaa, cheupe, kidogo kama jino la mtoto. Akakishika kiganjani. Malaki akacheka, meno yamekazana kwa maumivu.

"Usijali Mama. Bado nina mmoja."

Zahia alifunga jeraha vizuri, fundo mara mbili. Akashuka. Nilimkuta ukumbini mbele ya kanzu ya mumewe, na kile kipande bado mkononi.

Nikarudi kusaga oti. Zilikuwa zinachuja wakati alipoingia. Tangu lile kofi hajaingia jikoni nikiwemo. Aliketi kwenye kigoda, akatazama matone.

"Wifi. Wali ule. Mchele kiasi gani?"

"Wa watu wangapi?"

"Mtaa mzima."

Nikajilazimisha kueleza kama darasani: vikombe hivi vya mchele, maji hivi, oti zote zilizobaki kwenye kopo na pakiti mbili za dukani.

"Nitakoroga mwenyewe," alisema. "Nje, barazani, wote wanione. Wewe usiguse mwiko."

"Sigusi."

"Huwa unakamua?" Alikuwa anaonyesha kitambaa.

"Hapana. Unasubiri."

"Nasubiri," alisema, akapangusa pua kwa mkono wa nguo nyeusi. "Rizki alikuwa anapenda ukoko wa chini. Ule ulioungua kidogo."

"Nakumbuka."

Akaondoka kwenda stoo kutafuta sufuria kubwa, ile tuliyopikia harusi yake. Ili kuifikia stoo lazima apite chini ya ngazi ya darini.

Naandika haya huku nasikiliza. Milio imesimama. Malaki ameita, "Mama? Hiyo sufuria ya nini?" Sasa miguu yake inashuka ngazi, polepole, na kitu cha chuma kinagonga ukuta kila kidato. Sufuria inaburuzwa sakafuni, haijasimama. Inakuja huku. Malaki anapandisha sauti, "Mama, hutanifanyia hivyo! Mama!" — na bado inaburuzwa.

Akipika yeye, kijana hawezi kwenda kwenye miwa bila kumfanya mamake mwongo mbele ya mtaa mzima. Anajua. Wote wawili wanajua.

Afifa, weka kalamu chini. Loweka mchele.