Étagère za kupita za Syauswa

Jemima, bwana yangu Vagheni ametupatisha haya!

Jirani yetu Syauswa alituonesha garage yake: étagères, zile rafu za kuweka vitu, mpaka juu, na kinga yake, ile baiskeli, inaninginia ku plafond. Kurudi nyumbani, bugali ikamushinda Vagheni kula. "Zangu zitapita za yule!"

Eti zitapita!

Akaita fundi, akamuambia atengeneze étagères mu garage yetu, aongeze upana wake pande zote mbili. Gari hawakuipima, ilikuwa Oicha kubeba kakao.

Leo gari imerudi. Jemima, haiingie! Haiingie kabisa! Étagères zimekula nafasi yote.

Mvua ikaanza. Syauswa akatokea amejifunika na parapluie: "Vagheni, leta gari ilale kwangu, nafasi iko."

Gari iko kwa Syauswa. Vagheni ameikala chini mu garage yetu, anaangalia étagères. Hata kitu cha kuweka pale hatuna.