Picha za Sanchi na Kaburi la Nambilanje

S.L.P. 217,
Nachingwea.
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Rahimu,

Asalaam aleikum. Hujambo huko India? Kile kifua kimepona? Mimi mwili mzima, moyo ndio unachemka. Ningekupigia simu, lakini ningekutukana mpaka salio liishe, kwa hiyo nimeshika kalamu.

Picha zako za Sanchi tuliziona wote kwenye kundi la ukoo. Lile kuba la kale la Wabudha, kubwa kuliko ghala la korosho, nawe umevua viatu unalizunguka na wenyeji. Mama alicheka, akasema mwanawe amekwenda kuhiji kwa watu. Tulifurahi, sikufichi.

Kilichotuponza ni ile sauti uliyotuma baadaye. Ulieleza kwamba Wazungu walilipasua kuba mojawapo wakakuta mifupa ya watakatifu na lulu. Kisha ukacheka, eti hata tuta la Bibi Sabaha pale Nambilanje, nani ajuaye lina nini? Mzaha mzaha hutumbua usaha, Rahimu.

Faridi, rafiki yako wa kufa na kuzikana, alikuamini. Yeye na vijana wenzake walikwenda na sululu Ijumaa ya wiki iliyopita mchana, wanaume wakiwa msikitini. Wakalifukua kaburi la bibi tuliyetokana naye sote, palepale tunapomwaga unga wa mtama kila mvua zikichelewa. Walikuta mifupa na shanga za udongo, basi.

Mjomba Masoudi aliwakuta shimoni. Hakuuliza. Wenzake walikimbia, naye akampiga Faridi jembe la bega, mfupa ukalia. Faridi akajibu kwa panga. Kaka yetu Harithi akaingia kati, akakinga kwa mkono, na vidole vyake vikabaki kwenye udongo wa kaburi.

Kijiji kikaja na mawe. Walimpiga Faridi mpaka sura ikapotea, wakammwagia petroli ya bodaboda. Nikamlalia juu. Walinipiga mateke ya mbavu ili nitoke, sikutoka, na njiti ya kiberiti ikazimwa na mtu nisiyemjua. Mpaka leo nikikohoa naona nyota.

Sasa wote wawili wamelazwa hapa Nachingwea. Harithi namlisha uji kwa kijiko, Faridi kwa mrija, maana taya limefungwa waya. Hasira zangu kwa Faridi hazijaisha, lakini namlisha.

Mjomba anashinda nje ya wodi na panga limefungwa kwenye gunia. Ameapa mbele ya ukoo: "Aliyelifungua kwa mdomo aje alifunike kwa mkono wake. Asipokuja, namchukua huyu aliyepo." Unajua neno la mjomba kwetu. Polisi wameshachukua maelezo, lakini polisi hawalali Nambilanje.

Njoo, Rahimu. Masomo yatakungoja.

Mama anakusalimu, na shangazi Hadija pia. Faridi hasemi, ila nilipomwambia nakuandikia alinishika mkono asiuachie.

Mola akufikishe salama, na upesi. Daktari anasema taya likiunga atamruhusu. Wenzangu wodini wanawaombea wagonjwa wao wapone. Mimi kila swala namwombea Faridi achelewe kupona.

Wako akupendaye, ingawa nimekasirika,
Dada yako Amna