Kwa Kanana, Isomwe kwa Sauti

Mpendwa dada yangu Kanana,

Nakusalimu kutoka Siakago, kwenye joto na vumbi, ambako nimekuwa mke wa mwalimu kwa wiki tano sasa. Mtu akiniita mama mwalimu, bado nageuka nione ni nani anayeitwa. Nina furaha, dada, furaha ya kunifanya niimbe nikichota maji. Njeru huamka kabla yangu kunichemshia chai, na akitoka shuleni huanza kuniita akiwa bado nje ya ua. Ungempenda kwa sauti yake tu. Lakini kila ninapocheka naye nakukumbuka, na kicheko kinanikauka mdomoni.

Unakumbuka Ruiri, tulipochunga mbuzi wa marehemu baba? Surua ilikuwa imeshakunyang'anya macho, wewe una miaka kumi na mimi sita. Kila asubuhi uliniuliza, "Mlima uko vipi leo?" Nikakueleza theluji na mawingu, na nikifupisha ukasema, "Ongeza, Karimi." Siku moja mlima haukuonekana kabisa, nami nikakupambia theluji inayong'aa hadi chini. Ukacheka mpaka ukakaa kwenye nyasi. "Mwongo wewe. Nasikia ukungu usoni." Hukukasirika hata kidogo. Kupamba maneno nilijifunza kwa ajili yako.

Kisha Waingereza wakatangaza Hali ya Hatari. Tukabomolewa nyumba, tukasongamanishwa kijijini na wengine, na handaki likachimbwa kutuzunguka. Mama alipelekwa kila siku kwenye kazi ya lazima, hakuna wa kukushika mkono, nawe ukaanguka handakini ukaumia mguu. Ndipo nikasikia kwamba karakana ya wasioona pale Kinoru inatafuta watu. Iliendeshwa kwa michango ya Wakristo wa ng'ambo, na nafasi zilikuwa za wasio na ndugu. Mimi nilikuwa karani wa msimamizi wake, nimetoka sekondari, Kiingereza changu kimenyooka. Nikajaza fomu yako kwa mkono wangu: hana ndugu.

Siku ile nilifanya hivyo kwa ajili yako. Ulipata chakula, kitanda, kazi ya kusuka viondo, na wenzako wa kutaniana nao mchana kutwa. Lakini kila mfadhili alikuwa na mtu wake wa kumsaidia, na alitaka barua kutoka kwake. Wako alikuwa mama mmoja mzee. Nilimwandikia kwa jina lako kwamba uliokotwa njiani, kwamba mama yako alikufa akikuita. Mama yetu, dada, aliyekuwa hai akitulimia viazi. Hakuna aliyeniambia niongeze. Niliongeza kwa sababu msimamizi alizisoma zile barua kwa sauti mbele ya karakana nzima akanisifu, nami nikazipenda sifa. Mama yule alijibu kwamba amelia. Akanitumia mimi, karani mwema anayemtunza yatima, shela ya harusi.

Ndiyo shela niliyovaa. Wageni wa ng'ambo walikuja na msimamizi kuona karani wao akiolewa, nawe ukaletwa pamoja na wenzako, mkakalishwa kwenye benchi la nyuma. Mama alichukua sahani akakupelekea chakula, akakuhudumia kama anavyomhudumia mgeni, asiseme neno, kwa sababu nilikuwa nimemsihi anyamaze. Njeru nilimwambia dada yangu amebaki Ruiri, amenyimwa pasi ya kusafiri.

Ulipoletwa mbele kunipa kiondo, vidole vyako viliigusa shela kidogo, vikaiacha. Mgeni mmoja akakuuliza, msimamizi akitafsiri, kama unamfahamu bibi harusi.

"Ni karani wetu," ukasema. "Hutusomea barua."

Kisha ukaninong'oneza, "Mlima uko vipi leo?"

Nikawageukia wageni. Nikarekebishwa shela, nikapigwa picha.

Juzi Njeru alikuja mbio na karatasi mkononi, uso wote meno. "Mke wangu, nimetupatia pasi. Jumamosi twende Ruiri, nimwone huyo shemeji aliyenikimbia." Nikaanza kulia, nikamweleza yote. Akakiweka kiondo chako mezani mbele yangu.

"Mwandikie," akasema.

"Hasomi, Njeru."

"Atasomewa."

"Karakana nzima itasikia."

"Walisikia yale mengine," akasema. "Wasikie na haya."

Nilimchukia kwa muda wa chai kupoa. Sasa nampenda zaidi ya siku ya harusi, na ninaona aibu zaidi pia, maana alichoona kwa dakika moja mimi nilikificha miaka.

Kwa posta hiihii nimemwandikia msimamizi, na mama yule wa ng'ambo, nikamrudishia shela. Nimewaambia wewe hukuandika hata neno moja. Naogopa watakunyima nafasi yako, na hofu hiyo hainiachi nilale. Kama wana hasira, waimalize kwangu. Wakikuondoa hata hivyo, Jumamosi tutakuwa langoni mwa karakana na ile pasi, na hapa kwetu Njeru ameshakufungia kamba kutoka mlangoni hadi jikoni uishike ukitembea. Lakini najua unavyoipenda kazi yako. Tutakuja kukuombea ubaki kwanza, na ukitaka kunifukuza, nifukuze mbele ya wenzako.

Wewe unayemsomea, nakuomba usishushe sauti hapa. Kanana ana mama, anaishi. Ana mdogo wake, ndiye mimi. Alikaa benchi la nyuma kwenye harusi ya dada yake wa tumbo moja, kwa sababu yangu.

Uliniuliza mlima uko vipi, dada. Leo, kutoka hapa, hauonekani. Kuna vumbi tu. Siongezi.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Karimi