Karoti bila tone la mafuta

Dada, nimetoka mbio kwenye darasa la watu wazima.

Unakumbuka nadhiri yangu, nyumba nzima tusionje mafuta mpaka macho ya mwanangu yapone, aone tena jioni? Na karoti namchemshia kila siku!

Leo mwalimu kachora kemikali inayoipa karoti rangi. Mnyororo mrefu, mwili huukata katikati kupata vitamini ya macho. "Lakini haupatani na maji," kasema. "Bila mafuta unapita tu tumboni, mwili hauupati."

Bila mafuta! Dada, bila mafuta!

Nikauliza, "Hata ukiomba?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka; nikamweleza hali ya mwanangu. "Mama, kesho hospitali. Leo mkaangie."

Niko jikoni, giza linaingia. Mungu anisamehe, nadhiri nimeivunja. Mwanangu anapapasa meza, anaitafuta sahani iliyo mbele yake.