Kwa Papa Anselme, Juu ya Ndege Yetu ya Beni

Mpendwa Papa Anselme, bwana wangu,

Mvua imekatika asubuhi hii hapa Bulengera, na hewa imetulia mpaka moshi wa majirani unapanda wima. Hewa ya namna hiyo ilikuwa inakukosesha hata chai. Ulikuwa unasimama mlangoni na kusema, "Mama, leo tuko na hewa," nami nilijua nguo za watu zitalala kwenye mashine ya kushona mpaka tutakaporudi kutoka uwanja wa ndege.

Nakumbuka siku uliyoileta nyumbani. Ilikuwa mwaka wa uhuru, miezi michache baada ya ngoma za sherehe. Wewe ulikuwa fundi wa radio wa Leta, yaani serikali, uliyetumwa Beni kutoka jimbo la Équateur, na Kiswahili chako kilikuwa bado kimejaa Lingala. Mimi nilikuwa binti wa Kinande wa Lubero, niliyejifunza kushona kwa masista. Ndoa yetu haikuwa imemaliza mwaka. Mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao, na kwa kuwa ulimtengenezea radio yake mara nyingi, alikuachia sanduku refu la mbao. Ndani mlikuwa na ndege ndogo, mabawa yake marefu kama meza yetu, pamoja na boîte, kisanduku cha chuma cha kuiongozea kutoka chini, chenye vifunguo vidogo na antena ndefu. Chini kabisa mlikuwa na kijitabu cha Kifaransa kilichojaa picha za duara na mistari.

"Ni ya batoto?" nilikuuliza.

"Batoto gani? Hii ni ya batu bazima," ulinijibu, na ulikuwa umeudhika kweli.

Mara ya kwanza iliruka kwa muda wa kusali Baba Yetu moja, kisha ikazama kwenye matete. Ulirudi umebeba bawa lililopasuka kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Nilikuhurumia, ingawa nilicheka. Nikachukua kitambaa changu cha hariri, kile cha harusi, nikakikata, tukakivuta juu ya mbao na kukipaka vernis ya kung'arisha mbao aliyoiacha yule Mzungu. Tangu siku hiyo ndege ilikuwa na bawa moja jeupe na bawa moja la maua mekundu. Mafuta ulikuwa unayachanganya mwenyewe: petroli ya taa, mafuta ya mbarika, na etha uliyoombaomba kwa mwuguzi rafiki yako. Nyumba ilinuka mpaka majirani wakaniuliza nani anaumwa.

Mimi nilidhani utaanza na ile michezo ya kwenye picha. Lakini kijitabu kilisema mtu aanze kwa kurusha ndege mstari mmoja ulionyooka, sambamba na piste, ile njia ya ndege kutua, kwenda na kurudi, kwa kimo kilekile. Asiyeweza hilo asiguse mengine. Msimu mzima wa mvua hukufanya kingine. Uliniweka mwisho wa uwanja nitazame kama mstari ni mzuri.

"Umepinda," nilikuambia.

"Sijapinda. Ni upepo."

"Umepinda, Papa. Miye mutu wa mashine ya kushona, najua mustari."

Mume mwingine angekasirika. Wewe ulinitazama, ukatembea uwanja wote mpaka nilipo, ukaniwekea ile boîte mikononi. "Basi shika weye," ulisema. Ndivyo nilivyoanza.

Vile vifunguo havikuwa na ustaarabu. Ukibonyeza, usukani wote unageuka mpaka mwisho, ukiachia, unarudi. Wewe ulikuwa unabonyeza kwa nguvu, kama unapiga telegramu. Mimi nilivigusa kidogo na kuachia, kidogo na kuachia, jinsi mguu unavyofanya kwenye pedali unaposhona kola. Ndege ikanyooka. Ukasema kwa Lingala, "Malembe, malembe," ingawa mimi nilikuwa tayari nakwenda polepole.

Baada ya mstari tukaanza duara. Uliniambia duara zuri linaanza na kuishia palepale, kwa kimo kilekile, na kwamba wengi wanaishia chini ya pale walipoanzia. Kisha ikaja kujigeuza, pale ndege inapozunguka kama mtu anayejigeuza kitandani, huku pua ikibaki inatazama mbele. Jioni ulinichongea ndege ya kijiti, ukanitembeza nayo sebuleni hatua kwa hatua, niseme kwa sauti ni kifunguo gani nitagusa. Wanawake wa sokoni walinichungulia dirishani wakasema Leta imeniroga. Sikujali. Nilikuwa na furaha, Papa. Sikukuambia vya kutosha wakati ule.

Halafu ikaja ile miezi ambayo magari ya askari yalipita kila siku kuelekea kusini, na watu wa Leta wakaanza kupeleka familia zao mbali. Tulisikia waasi wanakuja, na kwamba mwenye kalamu au radio hawamuulizi mara mbili. Uliifunga ile boîte ndani ya gunia, ukaisukuma chini ya kitanda. "Tuache kwanza, Mama. Wakati huu mutu hapana kuonekana na antena."

Mimi nilikubali kwa mdomo. Waasi walipoingia Beni, siku nne za kwanza zilikuwa kimya, nami nikadhani hofu yetu ilikuwa ya bure. Siku ya tano hewa ilitulia kama leo. Wewe ulikuwa umeitwa posta, uwaonyeshe mitambo. Nikachukua gunia na ndege, nikapita njia ya migomba mpaka mwisho wa piste ambako hapakuwa na mtu. Nilitaka tu kumaliza lile duara nililokuwa nalikosea. Nilifanya matatu, na la tatu lilikuwa duara kweli. Nikarudi, nikafagia nyumba, nikapika bugali na sombe ya majani ya muhogo. Uliporudi sikukuambia neno.

Walikuja kesho yake saa nane mchana, watu watano na komanda wao, kijana aliyevaa ngozi kichwani. Walilivuta gunia na ndege toka chini ya kitanda, wakaisimamisha boîte juu ya meza.

"Hii njo poste, radio ya kuongea na baavion ya Leta ya Léopoldville," komanda alisema. "Jana batu baliona avion kidogo juu ya uwanja. Nani alikuwa anairusha?"

Nilidhani wewe hujui. Nilikusikia ukivuta pumzi. Jana ulikuwa mikononi mwao wenyewe, posta, na komanda angetulia kidogo angekumbuka. Ulihitaji kusema hivyo tu.

"Ni miye," ulisema. "Bibi yangu hajue kitu. Yeye ni mutu wa kushona."

"Weye bibi, ni kweli?"

Sikujibu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, la silabi chache. Sikulisema. Mmoja akaushika mkono wako wa kuume, akauweka juu ya meza karibu na boîte, akaupiga na kitako cha bunduki. Kisha wakaondoka na wewe, na boîte, na bawa moja walilolivunja kwa goti.

Kwa wiki tatu nililala juu ya sakafu. Kila asubuhi nilipeleka chakula kwenye nyumba mlimofungwa, na kila asubuhi nilijiambia leo nitasema. Jeshi la Leta liliporudi waasi walikimbia wakiacha milango wazi. Ulikuja kwa miguu, umekonda, vidole vitatu vya kuume vimekaa kama mizizi ya tangawizi, na chini ya kwapa la kushoto umebeba ile boîte, imebonyea pembeni.

Hukuniuliza kitu. Ulikula, ukalala siku mbili, kisha ukaomba chuma cha kulehemu. Mkono wako haukuweza kukishika. Ukanipa mimi, ukakaa pembeni ukiniambia waya upi uende wapi. Tulipohamia Butembo, fundi mmoja wa mtaa wa Mususa alituchongea mbavu za bawa jipya kwa mti mwepesi, nami nikalivisha hariri.

Nilidhani unaniadhibu uliponipa boîte uwanjani na kusimama nyuma yangu.

"Mbona miye?" niliuliza.

"Mukono yangu imekwisha. Yako iko mzima. Donc, basi ruka."

Tukaendelea hivyo miaka. Wewe ulikuwa macho, mimi vidole. Siku niliyofanya michezo yote ya kijitabu kwa mfuatano, mstari, duara, kujigeuza, kuruka chali, na kutua katikati ya piste, nilikugeukia nikitegemea pongezi. "Duara la pili iko kama yayi," ulisema. Kisha ukafuta uso na ule mkono mbovu, mara mbili.

Ilikuwa siku hiyohiyo, tukirudi kwa miguu, wewe umebeba bawa na mimi mwili wa ndege, nilipokuambia yote: kwamba siku ile niliyeirusha ni mimi, na kwamba nilinyamaza. Hukusimama. Ulisema, "Nilijua. Niliona majani mabichi kwenye magurudumu wakati bale batu balikuwa banaitoa chini ya kitanda."

"Na ulinyamaza?"

"Nilikukonyezea jicho, Mama, ukae kimya. Ukanisikia. Bibi anayemusikia bwana yake kwa jicho tu, nani iko na yeye Butembo yote?"

Nililia njia nzima, lakini kwa kupona. Tangu siku hiyo niliweza kulala. Hata watoto wetu niliwasimulia hivyo: baba yenu alinikonyezea, nikamtii.

Sasa ni miaka mingi tangu tukuzike, na mimi ni mzee wa kutosha kukuandikia kweli. Sikuliona jicho lako, Papa. Siku ile, tangu komanda alipouliza mpaka mlipotoka mlangoni, nilikuwa natazama chini, miguu yangu. Na wewe ulikuwa umesimama mbele yangu, umenipa mgongo.

Ulijua sikuweza kukuona; jicho lile ulinitungia ili nipate kulala. Asante.

Pumzika hapo ulipo, nami nisalie huku kidogo.

Bibi yako,
Masika