Samaki Wanne wa Mkorosho

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechonga twiga sita leo. Wawili wamekatika masikio, nitawageuza swala. Mti wa wiki hii mbichi, unapinda mkononi. Muuza magogo kaapa umekauka. Muongo.

Mchana dada Felista kapiga simu kutoka Kiwalani. Baba mdogo Anselmu anaingia Jumamosi jioni kutoka Newala. Jumapili baada ya misa tunagawa vitu vya Baba. Vimekaa tangu Mei vinamngoja, maana kwetu vitu vya marehemu havigawanywi mpaka mkubwa wa ukoo atie mkono wake. Kabati, redio, mashati, sina shida navyo. Shida yangu ni sanduku la kuvulia, lililo chini ya kitanda changu hapa Gongo la Mboto. Baba mdogo kasema linarudi naye nyumbani, Ruvuma bado ina samaki. Felista na mimi tutachagua kimoja kimoja cha kumbukumbu.

Kimoja. Sawa. Wangu namjua.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefungua sanduku. Harufu ya chumvi, na harufu ya Baba. Nikalifunga. Nikanywa maji. Nikalifungua tena.

Samaki wa mti kumi na mmoja, chambo cha kuwadanganya samaki wa kweli. Wote kawachonga mwenyewe, kwa vipande vilivyobaki kwenye kibanda chetu cha Mwenge. Watalii walipata simba, samaki wa baharini wakapata hawa.

Karani: mwembamba, kola nyeupe, anafanya kazi asubuhi tu. Mama Mkwe: wa mpingo, anazama mpaka chini na hatoki huko bila ugomvi. Bibi Harusi: anatikisa kiuno. Huyo atachukuliwa na Felista, hakuna ubishi. Alimpaka rangi ya kucha akiwa darasa la saba, akachapwa na Mama kwa kumaliza chupa.

Halafu Ndugu Wanne. Mkorosho mmoja, siku moja. Baba aliwachonga kama tunavyochonga sote pale Mwenge: vichwa vyote kwanza, kisha matumbo yote, kisha mikia. Fundi anayejiheshimu, wanne wake wanafanana. Hawa unawatofautisha kwa alama za meno tu. Mzia, samaki wa meno makali, akimng'ata samaki wa mti anamwachia kovu, na Baba hakuziba kovu hata moja. Wangu ana meno manne ubavuni na mkwaruzo mrefu chini ya koo. Ni wa siku ile ya Mpiji.

Nimekaa naye mkononi mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 6 Agosti

Sijafanya kazi ya maana. Nawaza Jumapili zetu.

Misa ya kwanza, halafu Bunju, halafu miguu mpaka Mto Mpiji unapoingia baharini. Mama akilalamika kwamba mwanamume gani anatoka kanisani na ndoana mfukoni. Baba alikuwa hachagui chambo nyumbani. Alifika, akachuchumaa, akayaangalia maji mpaka mimi nikachoka. Maji ya tope, Mama Mkwe. Maji meupe, Karani. Maji yakiwa katikati, hayajaamua, basi mmoja wa Ndugu Wanne. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia, "Yaulize yenyewe."

Siku ile maji yalikuwa hayajaamua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Akanipa mshipi kwa mara ya kwanza. Nikatupa, nikavuta, nikatupa. Mzia akapiga kwa nguvu nikaenda mbele hatua tatu, maji yakanifika kiunoni. Nikapiga kelele ashike mshipi. Hakushika. Alinishika shati kwa nyuma, basi. Akasema, "Huyo wako. Mie sipo."

Nilimtoa peke yangu. Mikono ilichanika. Kwenda nyumbani nilimbeba begani kupita njia yote ya Kiwalani ili watu waone, na Baba akawa anatembea nyuma kana kwamba hatujuani.

Namkumbuka Baba leo mpaka kifua kinauma.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefanya ujinga. Niandike ulivyo.

Nilibeba sanduku kwenda nalo kibandani. Nia njema: Baba mdogo asikute vitu vya kaka yake vina kutu na ukoga. Nikabadilisha ndoana zilizooza. Nikapiga msasa kidogo. Kidogo ikawa nyingi. Mkono wa mchongaji haujui kuacha shimo, miaka thelathini unafundishwa kuficha ufa kabla mteja hajauona. Unga wa mbao, gundi, ziba, sugua. Sikufikiri. Nilikuwa napiga mluzi. Mwisho rangi nyeusi ya viatu, ileile tunayopaka mti mweupe ukauzwa kwa jina la mpingo. Nikapiga brashi mpaka wakang'aa.

Mudi wa kibanda cha pili kaja kuangalia. "Braza, hizi noma. Unauzaga?" Nikavimba kichwa.

Nimefika nyumbani, nikawapanga mkekani nimtoe wangu.

Wanne weusi. Wanne laini. Wanne sawasawa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijaenda kazini.

Nimewakwangua kwa wembe chini ya koo. Unga na gundi kwa wote. Kumbe wote walikuwa na makovu hapohapo, kila mmoja na vita vyake, na mimi niliangalia ya wangu tu. Ubavuni hivyohivyo. Nimezidi kukwangua mpaka nikawa nakula mti wenyewe. Nikaacha. Nimewatia kwenye beseni, wote wanaelea, kichwa chini kidogo, sawasawa. Mzee alikuwa fundi, nimekoma.

Nina hasira na mikono yangu.

Nimempigia dada. Alicheka kwanza. Halafu: "Lino, mie nilidhani ungewauza siku moja. Kumbe umewazika."

Nikamuuliza nifanye nini. Kasema Baba mdogo anaingia jioni kesho, asubuhi ipo, niende Mpiji nikawatupe kwa mshipi mmoja mmoja. Huenda mkono utamkumbuka wangu. Dada yangu hajawahi kushika mshipi maisha yake yote, lakini sina wazo lingine.

Jumamosi, 9 Agosti

Mpiji. Sijafika huku miaka minane. Nyumba zimesogea, kuta ndefu mpaka karibu na mikoko. Mto wenyewe upo.

Niliwasugua kwa mchanga na maji ya chumvi kwanza. Rangi ya viatu ilitoka, ikatanda juu ya maji kama mafuta ya gari. Aibu ilinishika japo nilikuwa peke yangu. Walibaki na madoadoa, si weusi si weupe.

Nikachuchumaa. Nikayaangalia maji. Hayajaamua. Nilicheka kwa sauti.

Wa kwanza: akaja moja kwa moja, anatikisa mkia. Wa pili: hivyohivyo. Wa tatu: nilidhani anavuta kushoto, moyo ukaruka. Nikamrudia. Ni mawimbi. Wa nne sawa na wa kwanza. Nikaanza upya, mara mbili, mara tatu. Nilifumba macho ili vidole viseme. Vidole havikusema kitu. Ndugu Wanne wanaogelea kama walivyochongwa, na aliyewachonga hakuacha tofauti hata ya unywele.

Niandike wazi: nimempoteza. Yumo miongoni mwa wanne na sitamjua tena. Nililia pale mchangani, mtu mzima na nusu.

Nikasema nitupe mara ya mwisho halafu nirudi. Nikaokota aliye karibu, sikuchagua. Nikatupa. Nikawa navuta huku nawaza basi la Newala.

Akapiga.

Mzia. Si mkubwa wa siku ile, lakini ana roho. Mshipi ukakata kidole palepale pa zamani. Maji yakanifika magotini. Shati langu nyuma lilikuwa legelege, upepo tu. Nilimwita Baba. Niliita kweli, kwa sauti. Halafu nikavuta, maana hapakuwa na mwingine wa kuvuta.

Nikamtoa. Chambo kilikuwa kimekaa katikati ya meno yake. Nilipokitoa kilikuwa na mashimo matatu ubavuni, mapya, mti mweupe unaonekana ndani.

Jumapili, 10 Agosti

Kiwalani, kwa dada. Yule mzia amepikwa mchuzi wa nazi. Baba mdogo amezeeka, anatembea kama Baba, ilibidi niangalie pembeni aliponijia.

Nilimweleza kila kitu kabla hajafungua sanduku. Rangi, gundi, msasa. Alimnusa Mama Mkwe, akakunja uso. "Samaki gani atakula kiatu?" Halafu akasema atawaosha kwa majivu akifika, Ruvuma itamaliza iliyobaki.

Felista kachagua kwanza, ndiye mkubwa. Bibi Harusi, bila kufikiri. Kumbe hata rangi ya kucha niliifunika. Alimkwangua kidogo kwa ukucha, nyekundu ikatokea, akafunika uso kwa kitenge.

Zamu yangu. Ndugu Wanne mkekani. Mmoja wao huenda ni yule. Nilimchukua mwenye mashimo matatu.

Baba mdogo akampitishia kidole gumba. "Huyu kang'atwa lini?"

"Jana, Baba. Mpiji."

"Nani alikuwa nawe?"

Nikamwambia nilikuwa mwenyewe. Akanirudishia mkononi, akafunga sanduku.

Jumatatu, 11 Agosti

Twiga wanne, masikio yote mazima. Mti umeanza kukauka.

Basi la Newala limeondoka alfajiri. Watatu wa mkorosho wamekwenda nalo.

Wangu nimemtundika kibandani, kwenye msumari juu ya kiti, pale Baba alipokuwa anatundika kofia. Mudi alipita, akamwona. Akachukua brashi na kopo la rangi, kwa wema wake tu. "Lete nikuzibie hayo matundu."

Nikamwambia aache.